Kususia, kuziba mdomo au kumbana mdhamini: kipi kinauma kweli kwenye soka?

Basi juzi pale kijiweni kwetu Mwanga, Kigoma, mechi ya Arsenal haijaanza bado, jamaa yetu mmoja ambaye kwao ni Bukavu, mashariki mwa Congo, ila yuko huku miaka na miaka akauliza swali moja tu na kibanda umiza kizima kikanyamaza. Akasema, "Ndugu zangu, hii jezi niliyovaa mkononi imeandikwa Visit Rwanda, na Rwanda ndo inatuhumiwa kuwasaidia waasi nyumbani kwetu, mnajua hali ilivyo. Sasa nishaurini, niivue, nisusie kuangalia kabisa, au nikae kimya nishangilie magoli?" Weee, kila mtu akaja na lake, mmoja anasema tususie wote kuanzia leo, mwingine anasema hata ukisusia Arsenal watajuaje, muuza kahawa naye akadakia kwamba siasa na mpira visichanganywe. Mechi ikaanza hatujafika popote. Mi nikasema hili jambo nitaliandika vizuri maana watu tunapiga kelele bila kulinganisha.

Hiyo ya "siasa na mpira visichanganywe" naitoa kwanza mezani. FIFA wenyewe ndo wachanganyaji wakubwa. Waliisimamisha Afrika Kusini ya makaburu 1961, wakairudisha 1963, wakaisimamisha tena 1964, na Desemba 2025 wakamkabidhi Trump tuzo ya amani kwenye droo ya Kombe la Dunia, tuzo ambayo mwezi mmoja nyuma haikuwepo. Kwa hiyo swali ni wewe mwenye lako la kusema unalisemaje. Njia naziona tatu na nusu, kususia, kuonyesha ishara, kubana pesa, na hiyo nusu ni kukaa ndani ya vikao na kupiga kelele. Naiita nusu kwa sababu sisi wa kijiweni hatuna kiti huko.

Kususia, yaani kutia mpira kwapani

Hii ndo inayopendwa maana inasikika kubwa. Na sisi Waafrika tuna mfano ambao wazee wanastahili kuupigia kifua. Mwaka 1964 FIFA ilipanga nafasi 16 za Kombe la Dunia la 1966 kule Uingereza, Ulaya 10, Amerika Kusini 4, Amerika ya Kati na Kaskazini 1, halafu Afrika, Asia na Oceania wagombanie moja. Moja jamani! Yaani uwachakaze Waafrika wenzako wote, umalize, bado ukakutane na bingwa wa Asia ndo mshindi apande ndege. Na juu ya hapo kulikuwa na hilo la kuwafungulia mlango makaburu, rais wa FIFA wakati huo Mwingereza Stanley Rous. Viongozi wa soka Ohene Djan wa Ghana na Yidnekatchew Tessema wa Ethiopia wakasema basi, Nkrumah akiwa nyuma yao, na nchi 15 za Afrika zikajitoa.

Zikapigwa faini, kombe likachezwa bila sisi, Korea Kaskazini ndo wakaichukua ile nafasi wakamfunga Italia 1-0 dunia ikashangaa. Na cha kuchekesha (au kuliza, sijui) mfungaji bora alikuwa Eusébio, magoli 9, mtoto wa Msumbiji aliyekuwa akiichezea Ureno maana kwao kulikuwa bado koloni. Ila mashindano yaliyofuata, Mexico 1970, Afrika ikapewa nafasi yake kamili na Morocco ikaenda. Na 1974 Rous akaangushwa kwenye urais wa FIFA na Mbrazili Havelange ambaye alizitafuta kura za Afrika nchi kwa nchi. Hiyo ni kususia kulikozaa matunda. Lakini angalia nani alilipa: Ghana walikuwa mabingwa wa Afrika 1963 na 1965, kile kikosi cha moto hakikuwahi kucheza Kombe la Dunia, na nchi yenyewe ilisubiri mpaka 2006. Waliosusia sio waliokula matunda, hilo uliweke akilini kabla hujamwambia mchezaji wa miaka 24 asusie.

Sasa weka pembeni yake mwaka 1973. Umoja wa Kisovieti ilikuwa irudiane na Chile, mchujo wa kwenda Ujerumani Magharibi. Jenerali Pinochet kashapindua nchi ya Chile Septemba, na Estadio Nacional pale Santiago ikageuzwa gereza, watu wanateswa vyumbani humohumo wanamobadilishia nguo wachezaji. FIFA ikatuma wajumbe, wakatazama, wakasema uwanja uko poa. Wasovieti wakakataa kucheza hapo. Novemba 21 wachezaji wa Chile wakaingia peke yao, wakapasiana mpaka golini hakuna hata kipa, wakafunga, wakapewa mechi. Kwisha. Chile akaenda Kombe la Dunia, Msovieti akabaki nyumbani.

Na tena weka Februari 2022. Urusi imeivamia Ukraine tarehe 24, na mwezi unaofuata Poland ilikuwa icheze na Urusi mchujo, mshindi wa hapo akutane na Sweden au Czech. Poland wakasema hatuchezi, Sweden wakasema hatuchezi, Czech nao vilevile. FIFA kwanza wakajaribu kuzunguka, tarehe 27 wakasema Warusi wacheze kwenye uwanja wa nchi isiyohusika, bila bendera wala wimbo wa taifa, Wapoland wakajibu kwamba hata hivyo hatuchezi, na tarehe 28 FIFA na UEFA wakaifungia Urusi. Siku nne tu toka uvamizi!

Tofauti ya hizo mbili ni nini? Watu watakwambia Ulaya ilikuwa upande wa Ukraine na pesa na siasa zilikuwa tayari, kweli, sibishi. Ila kuna hesabu rahisi zaidi. Chile 1973 alikuwa hahitaji mtu mwingine yeyote, adui mmoja akikimbia yeye anapita. Urusi 2022 ilibaki haina wa kucheza naye kabisa, wapinzani wote watatu walifunga mlango, ungeipitishaje timu mpaka Kombe la Dunia bila mechi hata moja? Kwa hiyo kabla ya kususia jiulize kama bila wewe shughuli inasimama. Ukitoka na muziki ukaendelea, umejitoa tu kwenye harusi ya watu na pilau umeliacha.

Wanawake wa Hispania ndo walinifundisha hili vizuri zaidi. Septemba 2022 wachezaji 15 waliandika kuomba wasiitwe timu ya taifa mpaka mazingira yabadilike. Shirikisho likawajibu kwa ukali kwamba watarudi wakiomba msamaha, kocha Vilda akabaki, watatu tu kati ya hao 15 wakaenda Kombe la Dunia 2023. Wameshindwa, siyo? Agosti 20, 2023 Hispania ikamfunga Uingereza 1-0 fainali kule Sydney, na jukwaani rais wa shirikisho Rubiales akambusu mchezaji Jenni Hermoso mdomoni, dunia nzima inaangalia. Siku tano baadaye wachezaji 81, mabingwa wote 23 wakiwemo, wakasaini kwamba hawachezi tena chini ya uongozi ule. Septemba 5 Vilda akafukuzwa kazi, Septemba 10 Rubiales akajiuzulu, na Februari 2025 mahakama ikamtia hatiani kwa busu lile. Kumi na tano unaweza kuwabadilisha na wengine. Themanini na moja, tena na kombe mkononi, utamwita nani? Ila wale 15 nao sio kwamba walipoteza bure, maana wenzao waliposimama hakukuwa tena na mtu wa kuuliza "kwani kulikuwa na shida gani."

Ishara: kuziba mdomo, kitambaa, kupiga goti

Hapa ndugu yetu wa Bukavu ana lake la kusema kuliko sisi wote. Februari 7, 2024, nusu fainali ya AFCON, Abidjan, Congo na wenyeji Côte d'Ivoire. Wimbo wa taifa unapigwa, wachezaji wa Congo mkono mmoja wameziba mdomo, mkono wa pili vidole viwili kichwani kama bastola. Hakuna aliyehitaji mkalimani. Watu mashariki ya nchi wanauawa na dunia imenyamaza, ndo hiyo maana yake. Yeye anasema alilia siku ile, na mechi wakafungwa 1-0, goli la Haller, akalia tena.

Je, ilizuia vita? Hapana. Karibu mwaka mzima baadaye, mwishoni mwa Januari 2025, Goma ikaanguka mikononi mwa waasi wa M23, na Februari Bukavu kwao ikafuata. Ukiipima ishara kwa kipimo cha "vita imeisha?" basi hakuna ishara hata moja itakayofaulu. Hata Drogba, watu wanasimulia kama alizima vita ya Ivory Coast usiku mmoja Oktoba 2005 pale Omdurman, Sudan, alipopiga magoti na wenzake mbele ya kamera kuomba amani, ila mapatano ya Ouagadougou yalikuja Machi 2007, Juni mwaka huohuo mechi ikapelekwa Bouaké ngome ya waasi wakamchapa Madagascar 5-0, na 2010 kwenda 2011 moto ukawaka upya. Ishara kazi yake ni kufanya aliyekuwa hajui ajue, na aliyejua aone aibu kunyamaza. Basi.

Ila ishara na ishara hazifanani, na hapa ndo watu wengi wanakosea. Qatar 2022, manahodha wa nchi saba za Ulaya walijitangaza miezi kwamba watavaa kitambaa cha OneLove, kile cha nahodha cha kupinga ubaguzi, FIFA ikatishia kadi ya njano siku ambayo wa kwanza wao walikuwa wacheze, Novemba 21, na wote saba wakaachana nacho. Kadi ya njano! Siku hiyohiyo, tena kwenye mechi na Uingereza, mmoja wa hao saba, wachezaji wa Iran walisimama midomo imefungwa wimbo wa taifa lao ukipigwa, miezi miwili baada ya Mahsa Amini, dada aliyekamatwa kwa ajili ya hijabu, kufia mikononi mwa polisi na watu wakiwa bado barabarani. Wao kadi yao ya njano ingekuwa jela, au mama yako kubishiwa hodi usiku. Wakapigwa 6-2 na Uingereza, mechi ya pili wakaimba, kwa sauti ya chini sana, na mi siwezi kumlaumu mtu kwa hilo. Wajerumani wao walikuja Novemba 23 wakaziba midomo kwenye picha ya timu, wakafungwa na Japan 2-1, watu wakawacheka kwamba bora wangefanya mazoezi.

Ukiziweka pamoja unaona kwamba uzito wa ishara unatokana na bei anayolipa aliyeionyesha. Ya Iran ilikuwa ya wimbo mmoja tu lakini imebaki. Kitambaa ambacho unakivua ukitishiwa kadi ni afadhali usingekitangaza toka mwanzo, maana sasa umemfundisha FIFA kwamba unatishika. Halafu jambo lingine, sheria za mchezo zinakataza maandishi ya kisiasa kwenye jezi, ila FIFA anachagua lini aone na lini asione, Machi 2021 Norway walivaa fulana za haki za binadamu kabla ya mechi na Gibraltar hakuna aliyeadhibiwa. Fanya kwanza, omba ruhusa baadaye, au usiombe kabisa.

Kwa hiyo kati ya hizi mbili, mchezaji mwenye nchi inayoumia na timu iko kwenye mashindano, mi namwambia abaki acheze na aonyeshe ishara. Congo wangesusia ile nusu fainali nani angeona? Wangepewa wenyeji ushindi wa mezani na habari ingeishia hapo. Walibaki, wakazitumia kamera ambazo hawakuzilipia hata senti.

Kumbana anayelipa

Hii haina picha nzuri, hakuna wa kulia, inachosha, na naona ndo yenye meno. Turudi kwenye ule mkono wa jezi. Arsenal waliingia mkataba na Visit Rwanda 2018, ikitajwa pauni milioni 10 hivi kwa mwaka, PSG wakafuata 2019, Bayern 2023. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika kwenye ripoti zao kwamba jeshi la Rwanda linawasaidia M23, Kigali inakanusha. Goma ilipoanguka, waziri wa mambo ya nje wa Congo, Thérèse Kayikwamba Wagner, akaziandikia klabu zote tatu barua. Mashabiki wa Arsenal London wakaanza kampeni yao, wakatengeneza vitambaa vya mkononi vya "Visit Tottenham" kwamba afadhali hata huko, na kwa shabiki wa Arsenal hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Hiyo nilicheka sana.

Matokeo? Agosti 2025 Bayern wakabadilisha mkataba, tangazo likaondoka ikabaki habari ya akademi ya vijana. Novemba 2025 Arsenal wakatangaza kwamba mkataba unaishia mwisho wa msimu, Juni 2026, kwa maneno matamu ya kibiashara kana kwamba hakuna aliyewapigia kelele. PSG wao Aprili 2025 waliongeza mpaka 2028. Kwa hiyo klabu tatu, mmoja kaondoka, mmoja kajikunja, mmoja kakaza shingo. Ulinganishe na ishara ya Abidjan uone, huku ilichukua miezi, hakuna mchezaji aliyeumia, na mtu amepoteza kitu kinachohesabika.

Ubaya wake ni kwamba pesa haina dini. Serikali ya Congo yenyewe mwaka huohuo 2025 ikaenda kuweka jina la nchi kwa AC Milan, Monaco na Barcelona, ya Barcelona peke yake ikiripotiwa zaidi ya euro milioni 40 kwa miaka minne. Jamaa yetu nilipomwambia hilo alishika kichwa. "Barabara ya kwetu haipitiki kaka." Nikamwambia hiyo sasa ni hoja nyingine, tutaifanyia kikao chake.

Ile nusu, kukaa ndani

Hii napita haraka ila siwezi kuiruka kwa sababu ya Norway. 2021 vilabu vyao, Tromsø ndo alianza, vikataka nchi isusie Qatar kwa ajili ya wafanyakazi wahamiaji. Wakaitisha mkutano wakapiga kura, kususia kukashindwa 368 kwa 121, halafu wenyewe wakashindwa hata kufuzu, kwa hiyo wangesusia nini. Lakini Machi 2022 rais mpya wa shirikisho lao Lise Klaveness akasimama mkutano mkuu wa FIFA hukohuko Doha akawaambia usoni kuhusu wafanyakazi, wanawake na mashoga. Wajumbe wengi walinuna. Desemba 2024 Saudi Arabia ilipopewa Kombe la Dunia la 2034 bila mpinzani, kwa kupigiwa makofi mtandaoni, Norway ikakataa kupiga.

Je, Qatar ilibadilika? Kidogo, na sio kwa hotuba moja. Shirika la Kazi Duniani lilifungua ofisi Doha 2018, kibali cha kutoka nchini kikafutwa kwa wengi, 2020 ukaruhusiwa kubadili kazi bila barua ya mwajiri, Machi 2021 ukaanza mshahara wa chini wa riyal 1000 kwa mwezi. Wenye ndugu zao huko Ghuba mnajua kwamba iliyoandikwa na inayolipwa ni vitu viwili. Na Mei 2021 askari wa ulinzi Mkenya aliyekuwa akiandika mtandaoni kwa jina la Noah maisha yao halisi alikamatwa akakaa ndani karibu mwezi. Yule bwana, kwangu mimi, alisema zaidi ya manahodha saba na vitambaa vyao.

Sasa uchague nini

Angalia umeshika nini mkononi. Kama wewe ni shirikisho na una wenzako ambao bila nyie mashindano hayafanyiki, susieni, ila mkubaliane kwanza na mdai kitu kimoja kinachotekelezeka, nafasi moja ya Kombe la Dunia, rais mmoja aondoke. Kama uko peke yako usisusie, utakuwa Msovieti. Kama ni mchezaji, kamera ndo mali yako, itumie na usitangaze mapema. Kama unalipia tiketi London au Munich, wewe una nguvu kuliko unavyodhani, maana klabu inaogopa jina lake lisinuke kwa mdhamini anayefuata.

Na sisi wa kijiweni? Tuseme ukweli. Jezi zetu karibu zote ni feki za elfu kumi na tano, Arsenal hajala hata shilingi yetu. King'amuzi ni cha mwenye kibanda, sisi tunatoa mia tano. Tukisusia, anayeumia ni mwenye kibanda, na yeye kwao Uvinza, hana ugomvi na mtu. Kwa hiyo kususia kwetu naona hakumfikii mhusika kabisa. Tulichobaki nacho ni mdomo, ukurasa wa klabu ambao lugha yoyote inaingia, na huyu mtu aliyekaa nasi benchi moja. Nikamwambia jamaa hivyohivyo, kwamba ukiivua, Arsenal hatajua, ila humu ndani sote tutajua, na hao watoto wanaokaa mbele watauliza kwa nini.

Akafikiri. Jezi hakuivua, anasema hii timu ameipenda toka enzi za Kanu hawezi kuiachia watu wengine. Akaenda dukani kwa fundi redio akarudi na solotepu nyeusi, ile ya kufungia nyaya, akabandika juu ya maandishi ya mkononi. Jumapili iliyofuata nilihesabu mikono sita imebandikwa, na muuza kahawa, ambaye hana hata jezi, kabandika kwenye birika.